Mwongozo kamili: kutengeneza saspensheni ya spironolaktoni kutoka kwenye vidonge, bila dawa kuganda chini ya chupa

Malalamiko yanayorudi kwenye dirisha la famasi ni yale yale. Dawa imeganda chini ya chupa na haitikisiki. Kuna punje zinazoziba bomba. Mtoto alikunywa vizuri wiki ya kwanza, wiki ya pili dawa ikawa "kali", maana iliyobaki chini ndiyo iliyokuwa na dawa yote. Ukimuuliza aliyetengeneza, atakwambia alifuata fomula. Mara nyingi ni kweli. Fomula ilikuwa sahihi, ila hatua ya kusaga na kulowesha ilipitishwa mbiombio, na hapo ndipo saspensheni, yaani dawa ya maji yenye chembe zisizoyeyuka, hufanikiwa au kuharibika.

Nimechagua spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayotumika kwa wagonjwa wa moyo, kwa sababu mbili. Watoto wenye matatizo ya moyo huandikiwa dozi ndogo ambazo kidonge cha mg 25 hakiwezi kugawanywa kuzifikia kwa usahihi. Pili, dawa hii karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, kwa hiyo inafundisha kazi yote ya saspensheni bila kukuficha kosa lolote.

Mwongozo huu ni wa mfamasia, fundi dawa sanifu na mwanafunzi aliye chini ya msimamizi. Si kazi ya jikoni nyumbani, wala ya duka la dawa lisilo na kibali cha kutengeneza dawa.

## Kabla ya kugusa kinu

Uliza kwanza kama kuna haja. Amoksilini ipo kama vidonge vya mg 250 vinavyoyeyushwa kwenye maji, na zinki ya mg 20 vilevile. Kama dawa ya kiwandani ipo na inafaa, itumie. Kama dozi ni mg 12.5, kidonge cha mg 25 kilichogawanywa nusu kwa kikatio kinatosha, huna sababu ya kuchafua kinu.

Hesabu inakuja baada ya hapo. Tuseme mtoto ana kilo 8 na daktari ameandika mg 1 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Kila dozi ni mg 8. Tunatengeneza nguvu ya mg 5 kwa kila ml 1, ambayo ni sawa na mg 25 kwa ml 5:

- Kila dozi: 8 ÷ 5 = ml 1.6
- Kwa siku: ml 3.2
- Kwa siku 14: ml 44.8

Tutatengeneza ml 60. Wengi hutengeneza ml 100 au 200 kwa mazoea, halafu mzazi anaendelea kuitumia baada ya muda wake kuisha kwa sababu "bado ipo". Usimpe kishawishi hicho.

Ml 60 × mg 5 = mg 300. Gawanya kwa 25, unapata vidonge 12. Mwenzako arudie hesabu hii bila kuona jibu lako. Akikutazama tu na kuitikia kwa kichwa, hajahakiki.

## Vifaa na malighafi

- Vidonge 12 vya spironolaktoni mg 25, vya toleo moja. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Jeli ya methilselulosi (unga wa kuongeza uzito wa maji) asilimia 1, ml 30, iliyotengenezwa jana yake.
- Sirapu ya sukari, takriban ml 30.
- Gliserini ml 2 kwa vidonge visivyo na ganda, au maji yaliyosafishwa ml 2 kwa vidonge vyenye ganda.
- Kinu na mchi, ikiwezekana vya kauri, visivyo na mikwaruzo ya ndani.
- Silinda ya kupimia ya ml 100, mizani, na spatula au kikwangulio cha mpira.
- Chupa ya kahawia ya ml 100 yenye kifuniko kinachokaza. Ndiyo, ya 100 kwa dawa ya 60. Bila nafasi ya hewa juu, dawa haitikisiki.
- Bomba la kunyweshea la ml 3 au 5, bila sindano.
- Glavu, barakoa na koti.
- Daftari la utengenezaji na lebo.

Barakoa si pambo. Vumbi la spironolaktoni si la kuvuta, na kwa kuwa dawa hii inaingilia kazi ya homoni za kiume, mwenzenu mjamzito asipewe kazi ya kuisaga.

Kama una kibebeo (kimiminika cha kubebea dawa) cha kiwandani, mfano Ora-Plus na Ora-Sweet nusu kwa nusu, kitumie badala ya jeli na sirapu, kisha anza moja kwa moja Hatua ya 3. Utaokoa siku nzima, na dawa itapata vihifadhi, yaani vizuia vijidudu.

## Hatua ya 1: Jeli ya methilselulosi (siku moja kabla)

Methilselulosi ina tabia ya kinyume na unga wa ugali: haiyeyuki kwenye maji ya moto, inayeyuka kwenye baridi. Asiyejua hilo huumwaga unga kwenye maji baridi, akapata mabonge yenye utando nje na unga mkavu ndani. Atakoroga mpaka jioni.

Kwa ml 100 za jeli:

1. Pima gramu 1 ya methilselulosi. Ile ya mnato (uzito wa kutiririka) wa sentipoizi 1,500 ndiyo inayotumika sana kwa kazi hii.
2. Pasha maji yaliyosafishwa kama ml 35 hadi nyuzi 80–90. Toa motoni.
3. Nyunyizia unga kidogo kidogo huku unakoroga. Maji yatakuwa meupe kama yaliyochafuka. Hiyo ndiyo hali unayoitaka, kila punje imelowa peke yake.
4. Acha dakika 10, kisha ongeza maji baridi ya friji hadi karibu na ml 100, ukiendelea kukoroga taratibu.
5. Weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi kamilisha hadi ml 100.

Ukifanikiwa: jeli ni angavu, inatiririka kwa uzito, haina mabonge wala povu.

Angalizo: usibadilishe na sodiamu karboksimethilselulosi ukidhani ni kitu kimoja. Ile huyeyuka hata kwenye maji ya moto, na namna ya kuiandaa ni nyingine. Na jeli hii isiyo na kihifadhi usiilimbikize wiki baada ya wiki, maana ukungu nao unaipenda.

## Hatua ya 2: Sirapu

Gramu 85 za sukari ya daraja la dawa, maji yaliyosafishwa hadi kufikia ml 100. Weka sukari na maji kama ml 40, pasha moto mdogo ukikoroga mpaka iyeyuke, poza, ndipo ukamilishe ujazo.

Usiichemshe kwa muda mrefu. Sukari itavunjika na sirapu itaanza kuwa ya kahawia. Ikishapoa iwe angavu, isiyo na rangi.

Sirapu peke yake ni nzito kiasi kwamba vijidudu havistawi kwa urahisi. Ukiichanganya nusu kwa nusu na jeli, ulinzi huo unapotea. Kumbuka hili tukifika kwenye tarehe ya mwisho wa matumizi.

## Hatua ya 3: Weka alama kwenye chupa

Pima maji ml 60 kwa silinda, mimina kwenye chupa ya kahawia, weka alama ya kalamu isiyofutika au utepe kwenye usawa wa maji. Mwaga, kausha chupa vizuri.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Bila alama, ujazo wa mwisho unakadiriwa kwa jicho, au mtu anaongeza ml 60 za kibebeo juu ya unga. Unga wa vidonge 12 nao una nafasi yake, kwa hiyo atapata zaidi ya ml 60 na dawa iliyopungua nguvu. Tunachotaka ni dawa ya kufikia ml 60.

## Hatua ya 4: Saga

Hesabu vidonge 12 kwenye sahani, mwenzako ahesabu tena, ndipo viingie kinuni.

Kama havina ganda, vivunje kwa kubonyeza kwanza, kisha saga kwa mzunguko, ukikwangua kuta kila mara, mpaka upate unga usio na chembe. Usipigepige kama unatwanga kisamvu, unga utaruka na dawa itaishia kwenye meza.

Kama vina ganda jembamba la rangi, ukivisaga vikavu utapata vipande vya ganda vinavyoelea hadi mwisho na kuziba bomba. Viweke kinuni, weka maji ml 2, subiri dakika 5 hadi ganda lilainike, kisha saga vikiwa vimelowa.

Utasikia harufu kidogo ya kiberiti. Ni ya molekuli yenyewe, si dalili ya kuharibika. Harufu hiyo ikiwa kali isivyo kawaida mara tu unapofungua kopo, hapo simama uangalie vidonge.

Ukifanikiwa: shika unga kidogo kati ya vidole viwili vyenye glavu. Usisikie mchanga.

## Hatua ya 5: Tengeneza rojo (usiharakishe hapa)

Mama anayepika uji haumwagi unga wote kwenye sufuria ya maji. Huukoroga pembeni kwanza kwa maji kidogo. Sababu ni ile ile hapa. Unga wa spironolaktoni hauyapendi maji. Ukiumwagia kibebeo chote kwa mara moja, hewa inabaki imezunguka punje, punje zinashikana, zinaelea juu au kuzama zikiwa bonge. Hakuna kutikisa kutakakozitenganisha baadaye.

1. Kwa unga mkavu, weka gliserini ml 2. Kwa vidonge ulivyolowesha kwa maji, endelea na hayo maji.
2. Saga kwa kubana mchi dhidi ya ukuta wa kinu, dakika 3 hadi 5. Kusanya kila kilichopanda kwenye kuta na kwenye kichwa cha mchi.
3. Ongeza jeli ml 1, saga. Ongeza nyingine, saga.

Rojo liwe zito, linalong'aa, la rangi moja. Sasa lijaribu: chukua kiasi cha ncha ya spatula, pakaza upande wa ndani wa kinu, tazama kwa mwanga wa pembeni. Doa jeupe lililosimama peke yake ni bonge ambalo halijalowa. Likionekana hata moja, rudi kusaga. Baada ya hatua hii hutapata nafasi nyingine ya kulivunja.

Nikiulizwa nitumie wapi dakika tano za ziada katika kazi hii yote, ni hapa.

## Hatua ya 6: Ongeza kibebeo kwa mafungu

Ongeza jeli kwa kiasi kinacholingana na kilichomo kinuni, changanya hadi iwe rangi moja, kisha kiasi kinacholingana tena. Kama kinuni mna ml 4, ongeza 4. Zikiwa 8, ongeza 8. Endelea hadi jeli yote ml 30 iishe.

Hamishia kwenye chupa yenye alama. Kinu bado kina dawa. Weka sirapu ml 8 kinuni, suuza mchi na kuta, mimina chupani. Rudia kwa ml 8 nyingine. Kisha kamilisha kwa sirapu mpaka kwenye alama ya ml 60, ukitazama kwa usawa wa macho, chupa ikiwa mezani, si mkononi.

Usitumie blenda. Itaingiza hewa, na povu litakudanganya kwenye ujazo: unaona 60, povu likitulia ziko 56. Kama povu limejitokeza hata hivyo, subiri litulie ndipo ukamilishe.

Funga, tikisa kwa dakika 1.

## Hatua ya 7: Jaribio la chupa

Acha chupa itulie kwa saa moja, kisha ipindue taratibu mara chache huku ukitazama kitako chake.

Mashapo chini si kosa. Saspensheni yoyote hutua, hiyo ndiyo asili yake. Kosa ni mashapo yaliyoshikana. Yanayofaa ni laini, yanapanda kama wingu mara tu unapopindua, na ndani ya sekunde 15 hivi za kutikisa kitako kinakuwa kisafi.

Kisha vuta ml 1.6 kwa bomba lile lile utakalompa mzazi. Ipite bila kukwama. Ikikwama hapa, itakwama saa mbili usiku nyumbani kwake.

Famasi inayotengeneza mara kwa mara iweke chupa moja ya majaribio kwenye friji, siyo ya mgonjwa, na kuipindua siku ya 1, ya 7 na ya 14. Fomula ikibadilika kwa sababu toleo la vidonge limebadilika, chupa hiyo itakuwa ya kwanza kukuambia.

## Hatua ya 8: Lebo na tarehe

Lebo iwe na:

- Jina la mtoto na jina la dawa.
- Spironolaktoni mg 5 kwa ml 1. Usiweke "mg 25/ml 5" kwenye chupa moja na "mg 5/ml" kwenye cheti. Kuna siku mtu atasoma 25 na kusahau 5.
- Ml 1.6 asubuhi na ml 1.6 jioni. Mzazi hapimi miligramu, kwa hiyo andika ml.
- TIKISA VIZURI KABLA YA KUTUMIA.
- Ya kunywa tu. Weka kwenye friji, usigandishe.
- Tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho na namba ya kundi.

Tarehe ya mwisho kwa fomula hii isiyo na kihifadhi ni siku 14 kwenye friji, nyuzi 2–8. Kipimo hicho kinatoka kwenye sura ya 795 ya famakopia (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) ya Marekani. Toleo linalotumika tangu Novemba 2023 linaruhusu hadi siku 35 kwa dawa za maji zenye kihifadhi. Kwa hiyo siku 35 ni ya aliyetumia kibebeo chenye kihifadhi, si ya kila chupa.

Usijiongezee kihifadhi kutoka kabatini ili kurefusha tarehe. Benzili alkoholi ni hatari kwa mtoto mchanga, na sodiamu benzoeti haifanyi kazi vizuri kama mchanganyiko hauna uasidi wa kutosha.

Na kama nyumbani hakuna friji? Hapo usimpe fomula hii ukimwambia aweke kwenye mtungi. Mtungi wa udongo hupoza, lakini haufiki nyuzi 8. Tumia kibebeo chenye kihifadhi, au zungumza na daktari kuhusu unga uliopimwa kwenye pakiti za dozi moja moja. Njia ya "ponda kidonge kwenye kijiko cha maji, mpe nusu" usiishauri kabisa kwa dawa hii. Isipoyeyuka, hiyo nusu ya maji inaweza kuwa na dawa yote au isiwe na kitu.

## Mambo yakikataa

Imeganda chini baada ya siku mbili. Chembe zilikuwa kubwa, au jeli ilikuwa nyepesi. Usiipashe moto wala kuikoroga kwa waya. Itupe na utengeneze upya. Dozi zilizokwisha kunywewa hazijulikani zilikuwa na nguvu gani, kwa hiyo mwambie daktari.

Imekuwa nzito, haimiminiki. Umezidisha methilselulosi, au hukukamilisha ujazo wa jeli asubuhi. Usiongeze maji kwenye chupa ya mwisho, nguvu itabadilika.

Unga unaelea juu. Rojo halikulowa. Rudi Hatua ya 5 kwa kundi jipya.

Madoa, utando juu, harufu ya chachu au gesi ukifungua. Ni vijidudu. Tupa, hata kama ni siku ya 6.

## Usihamishe fomula hii kwa dawa nyingine

Kibebeo kikikubali spironolaktoni, si kwamba kitakubali kila kitu. Kaptoprili, dawa nyingine ya moyo, huoza kwa oksijeni ikiwa ndani ya maji, na fomula yake ina masharti yake. Aspirini huvunjwa na maji yenyewe. Vidonge vya kuachilia dawa polepole, kama nifedipini ya saa 12 au 24, na vile vyenye ganda la kuzuia asidi ya tumbo, havisagwi kamwe. Ukikivunja cha aina ya kwanza, mgonjwa anapata dozi ya siku nzima kwa mara moja. Kwa kila dawa tafuta fomula yenye jaribio la uthabiti (la kuona dawa inadumu muda gani bila kuharibika), nguvu ile ile, kibebeo kile kile.

## Dirishani na mzazi

Usimkabidhi chupa ukamwambia "tikisa". Tikisa mbele yake, kisha mpe yeye atikise. Mwonyeshe kitako cha chupa kikiwa kisafi, umwambie, "Mama, hivi ndivyo iwe kabla ya kuvuta." Weka alama ya kalamu kwenye bomba penye 1.6. Mwambie aachane na kijiko cha chai, maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Muulize kama mtoto anapewa potasiamu, au kama kuna dawa nyingine ya moyo aliyoandikiwa kliniki tofauti. Spironolaktoni hupandisha potasiamu mwilini, na mchanganyiko huo unahitaji vipimo vya damu. Mtoto akitapika mfululizo au akiharisha sana, arudi kabla ya kuendelea na dozi.

Mwambie pia chupa ikifika siku ya 14 airudishe na kilichobaki ndani. Kwa hesabu yetu zibaki kama ml 15. Zikibaki 30, mtoto amekosa dozi. Zikibaki 5, kuna aliyekuwa anapima zaidi ya ml 1.6. Andika ujazo uliorudi kwenye daftari lile lile, kando ya namba ya kundi.